Kununua kwa Bei Rahisi Albamu Iliyokwisha Tumika ya Bendi Uijuayo: Nasaha kwa Wapenzi wa Dream Theater

Wasomaji wapendao muziki wa metali progresivu, yaani ule wa magitaa mazito ya umeme, nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, na dramu zigeuzazo wizani kabla sikio halijatulia, hawaachi kuniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Mtu amepita katika duka la vitu vilivyokwisha tumika huko Leeds, au Minneapolis, au Hamburg, akaiona sidii ya Dream Theater imewekwa kwa bei isiyofika hata ya kikombe cha kahawa; bendi anaijua, nyimbo zake kadhaa amezihifadhi moyoni, lakini bei ile ya chini inamtia wasiwasi, wala hajui kama amepata bahati au amewekewa mtego.

Jawabu langu ni kwamba anunue, ila kwa sharti moja: aichunguze sahani ile kama mtu ambaye hajapata kulisikia jina la bendi hiyo maishani mwake. Aijuaye bendi ndiye akosaye zaidi, kwa sababu jina lililo juu ya kasha humjaza furaha, na furaha humzuia asitazame. Ilhali mgeni hulifungua kasha, huitoa sahani, huigeuza, huuliza, na aghalabu huondoka na kitu kizima.

Nimeichagua Dream Theater kuwa mfano kwa kuwa albamu zake zina mambo ya pekee yanayowapoteza wanunuzi. Mengi nitakayoyasema yatamfaa vilevile atafutaye Queensrÿche, Fates Warning, Opeth au Symphony X.

Bei ya chini peke yake si dalili ya ubovu

Mauzo ya sidii duniani yalifika kileleni karibu na mwaka 2000, kisha yakaporomoka watu walipohamia kwenye muziki wa kompyuta na simu. Mtu anapohama nyumba, makasha yake hupelekwa katika maduka ya hisani, kama yale ya Oxfam nchini Uingereza au Goodwill nchini Marekani, na wahudumu wa huko, ambao wana nguo, vitabu na vyombo vya kupanga, hawana wasaa wa kupambanua albamu moja na nyingine. Kwa hiyo iliyo njema na iliyo mbovu hupewa bei moja. Katika duka la muziki lenye mwenyewe ajuaye kazi yake mambo ni kinyume: huko bei ya chini mno huwa na sababu, na ni haki yako kuiuliza kwa adabu.

Jua kwanza ni kipindi kipi

Lalamiko moja hurudi sana: mtu alinunua albamu ya bendi aijuayo, akafika nyumbani akamsikia mtu mwingine akiimba. Bendi hii ilianzishwa na John Petrucci, John Myung na Mike Portnoy mwaka 1985, walipokuwa wanafunzi wa muziki katika chuo cha Berklee mjini Boston, nayo hapo mwanzo iliitwa Majesty. Tangu hapo imebadilisha watu mara kadhaa. Basi soma mwaka ulioandikwa nyuma ya kasha, ukumbuke haya:

- When Dream and Day Unite (1989). Mwimbaji ni Charlie Dominici, siye James LaBrie umjuaye. Sauti ya kurekodiwa kwake ni nyembamba. Isiwe ya kwanza kuinunua.
- Images and Words (1992) na Awake (1994). LaBrie anaimba, na kinanda ni cha Kevin Moore. Ukizikuta nzima, usiziache. Na kama fedha zatosha moja tu, mimi ningechukua Awake, kwa uzito wake na kwa huzuni ile ya wimbo wake wa mwisho.
- Falling into Infinity (1997). Kinanda ni cha Derek Sherinian. Kampuni ilitaka nyimbo nyepesi za kufaa redio, na mtunzi Desmond Child akashirikishwa katika wimbo mmoja. Wapenzi wengi waliiuza kwa kukasirika, na ndiyo sababu hupatikana rahisi. Lakini "Lines in the Sand" na "Trial of Tears" ni nyimbo adhimu ambazo hazikustahili kutupwa.
- Kuanzia Scenes from a Memory (1999) hadi Black Clouds & Silver Linings (2009). Jordan Rudess ameshika kinanda. Apendaye uzito achukue Train of Thought (2003).
- Kuanzia 2011 hadi 2021. Mpiga dramu ni Mike Mangini, maana Portnoy aliondoka mwaka 2010 na hakurejea hadi 2023.

Tahadhari moja ya nyongeza: Scenes from a Memory ni kisa kimoja kirefu, nacho ni sehemu ya pili ya wimbo uliomo katika Images and Words. Anunuaye ya pili bila ya kuisikia ya kwanza hatapotea, lakini atapitwa na mahadhi mengi yanayorudi kwa makusudi.

Itazame sahani, na uanze na upande wenye maandishi

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuigeuza sahani, kuutazama upande wa chini ung'aao, na kuridhika kwa kutoona mikwaruzo. Sidii ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki angavu ambayo mwali wa leza huipenya. Tabaka la alumini, ambalo ndilo lihifadhilo muziki, lipo juu kabisa, chini tu ya maandishi, nalo limekingwa na vanishi na wino mwembamba mno. Kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa chini yamkini ukang'arishwa, bali mkwaruzo wa juu uliofika kwenye alumini umekwisha kuufuta muziki, wala hapana mashine iwezayo kuurudisha.

Fanya hivi, na usione haya kumchukulia muuzaji muda wake:

1. Utazame upande wa maandishi. Jina la mwenyewe wa zamani lililoandikwa kwa kalamu ya ncha ngumu, au karatasi ya bei iliyobandikwa juu ya sahani yenyewe, ni sababu tosha ya kuirudisha rafuni. Usijaribu kuibandua karatasi hiyo. Huweza kutoka pamoja na alumini.
2. Iinue sahani mbele ya taa, maandishi yakielekea kwako. Kitundu kimoja au viwili vidogo kama ncha ya sindano huweza kuwa ni vya tangu kiwandani na visidhuru. Vikiwa vingi vimekusanyika pahali pamoja, iache.
3. Igeuze, uinamishe polepole ili mwanga uteleze juu yake. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hudhuru kidogo, kwa kuwa deki ina hesabu za kusahihisha pengo fupi na kila mzunguko hukatwa pahali padogo tu. Mkwaruzo unaoifuata duara ndio mbaya, maana huyaharibu maelezo mengi mfululizo hata hesabu hizo zikashindwa.
4. Utazame ukingo na rangi. Sahani nyingi zilizotengenezwa na kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, zilipatwa na maradhi ya kugeuka rangi ya shaba, yanayoanzia ukingoni na kuingia ndani hadi nyimbo za mwisho zikaanza kukwaruza. Ukiliona jina la kiwanda hicho kwenye sahani ya miaka hiyo, na rangi imekwisha badilika, usinunue hata kwa bei ya bure.
5. Lipapase tundu la katikati. Ufa mdogo unaoanzia hapo hurefuka kila sahani izungukapo, na katika mashine ya kompyuta, izungushayo kwa kasi kubwa, huweza kuivunja vipande ndani.

Kasha lililopasuka au lililong'oka meno ya katikati lisikushughulishe. Kasha tupu ni rahisi kupata. Kijitabu ni jambo jingine. Albamu ya kisa kama Scenes from a Memory, ambamo Nicholas wa leo anakumbuka maisha na mauaji ya Victoria wa mwaka 1928, ni taabu kuifuata bila ya maneno yake mkononi, na mimi sinunui nakala yake isiyo na kijitabu.

Anza kusikiliza mwisho

Hapa ndipo albamu za metali progresivu zinapotengana na albamu za kawaida, na naomba msomaji apasome taratibu.

Sidii husomwa kutoka ndani kwenda nje. Albamu ya dakika 40 huishia mbali na ukingo, hata ikawa ukanda wote wa nje hauna kitu, na vidole vya watu vikipachafua hapo hakuna kiharibikacho. Lakini bendi hii hupenda kuijaza sahani hadi pomoni, dakika 75 na zaidi, katika sahani ambayo uwezo wake haupiti sana dakika 80. Kwa hiyo wimbo wa mwisho, ambao mara nyingi ndio mrefu na ndio kilele cha kazi yote, umelala ukingoni, pale panaposhikwa, panaposuguliwa na kasha, na panapoanza kuoza. Muuzaji atakupigia wimbo wa kwanza, utasikika safi, nawe utalipa. Mwombe akupigie wa mwisho:

- Scenes from a Memory, kama dakika 77: "Finally Free", dakika 12 hivi.
- Octavarium (2005), kama dakika 75: wimbo wenye jina la albamu, dakika 24.
- Systematic Chaos (2007), kama dakika 78: sehemu ya pili ya "In the Presence of Enemies", dakika 16 hivi.
- Black Clouds & Silver Linings, kama dakika 75: "The Count of Tuscany", dakika 19.

Huna haja ya kuusikiliza wimbo mzima dukani. Urukie katikati yake, kisha dakika zake mbili za mwisho, uvae visikizio vyako mwenyewe, na utege sikio kwa mikatiko midogo yenye kufuatana kwa muda sawa, maana hiyo ni alama ya mkwaruzo. Images and Words, kwa kuwa ni dakika 57 tu, husamehe zaidi; ukingo wake mchafu usikukatishe tamaa.

Na kama duka halina deki? Ama uende na yako ndogo ya betri, ama umwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba waweza kuirudisha. Akikataa yote mawili, amua kwa macho peke yake, na kwa bei ambayo hutasikitika kuipoteza.

Sauti zidhaniwazo kuwa kasoro nazo si kasoro

Kuna watu waliorudisha sahani njema kwa kutojua haya:

- "Pull Me Under", wimbo wa kwanza wa Images and Words, hukatika ghafla mwishoni, kana kwamba mtu ameung'oa waya wa umeme. Ndivyo ulivyotungwa. Kila nakala hukatika pale pale.
- "Finally Free" humalizika kwa kelele ya mkwaruzo kama ya santuri kuukuu, na kelele hiyo hiyo ndiyo ifunguayo Six Degrees of Inner Turbulence (2002). Bendi iliziunganisha albamu zake hivyo kwa miaka: mlio umalizao Six Degrees ndio uanzao Train of Thought, na umalizao hiyo ndio uanzao Octavarium.
- Octavarium yenyewe hurejea mwishoni pale ilipoanzia. Usidhani kwamba deki imeruka ikaurudia wimbo wa kwanza.

Namna ya kupambanua ni nyepesi: kasoro ya kweli husikika pahali pamoja kwenye deki moja, na aghalabu hubadilika ukiitia sahani katika deki nyingine au ukiisafisha, bali jambo la watungaji halibadiliki.

Hesabu sahani zilizomo

Makasha ya hisani hupita mikono mingi, na si ajabu kukuta sahani moja badala ya mbili, au ya bendi nyingine kabisa. Lifungue mbele ya muuzaji, uhesabu:

- Six Degrees of Inner Turbulence: mbili. Ya pili ndiyo yenye wimbo wa jina la albamu, dakika 42, na ndiyo ipoteayo.
- The Astonishing (2016): mbili.
- Live at Budokan (2004) na Score (2006), katika sidii: tatu kila moja.
- Black Clouds & Silver Linings, toleo maalumu: tatu, moja ikiwa na muziki mtupu usio na sauti ya mwimbaji na nyingine nyimbo za bendi nyingine.
- Systematic Chaos, toleo maalumu: sidii moja na DVD moja.

Ikipungua moja, omba bei ipunguzwe kwa kiasi hicho, au uiache. Matumaini ya kuipata sahani iliyopotea peke yake ni madogo.

Matoleo yenye alama za ajabu

Kasha lenye mkato wa msumeno ubavuni, au tundu lililotobolewa katika ile mistari myeusi isomwayo na mashine ya bei, ni bidhaa iliyobaki ghalani ikauzwa kwa punguzo; sahani yake aghalabu haijaguswa. Nakala iliyoandikwa jina la BMG Direct au Columbia House nyuma ilipigwa chapa kwa ajili ya vilabu vya posta vya Marekani, na muziki wake ni ule ule, ingawa wakusanyaji huithamini kidogo. Nakala za kupewa bure watangazaji wa redio huja mara nyingine bila ya kijitabu kamili. Anunuaye kwa ajili ya kusikiliza asiogope lolote katika haya.

Pana toleo moja ambalo ni lazima nilitaje, maana huulizwa sana. Live Scenes from New York, yenye sahani tatu, ilitoka tarehe 11 Septemba 2001, na jalada lake lilionesha tufaha likiwaka moto, na mandhari ya jiji la New York, minara ile miwili ikiwamo. Siku hiyo hiyo minara ikashambuliwa. Albamu ikaondolewa madukani, ikarudi baadaye kwa jalada jingine. Nakala ya jalada la kwanza hutakwa na wakusanyaji kwa bei ya juu, na kwa sababu hiyo ndiyo ipasayo kuchunguzwa kwa hadhari kubwa. Jalada la karatasi ni rahisi kulighushi. Muziki wa nakala mbili hizo haukutofautiana.

Sahani bandia

Haya ndiyo yanayoifichua:

- Upande wa chini una rangi ya kijani, buluu au zambarau. Hiyo imenakiliwa nyumbani, haikutoka kiwandani.
- Picha na herufi za jalada zimefifia kama zilizopigwa picha juu ya picha.
- Pete ya ndani, karibu na tundu, haina nambari yoyote. Sahani za kiwandani huwa na nambari hapo, na tangu mwaka 1994 zilianza pia kutiwa alama ndogo ya IFPI. Kwa hiyo kukosekana kwa alama hiyo kwenye sahani ya 1992 si hoja, bali kwenye ya 2005 ni jambo la kutilia shaka.
- Albamu mbili zimetiwa katika sahani moja. Kwa urefu wa albamu hizi jambo hilo haliwezekani ila nyimbo zimekatwa au sauti imekamuliwa.

Shaka za wasomaji

*"Nyimbo zote ninazo kwenye simu, ya nini sidii?"* Kama simu yakutosheleza, hakuna akulazimishaye. Lakini albamu ya dakika 77 iliyotungwa kwa mfuatano husikilizwa vingine mtu akaapo na kijitabu mkononi, simu ikiwa mbali, wala hapana aibadilishaye sahani kwa wimbo mwingine katikati.

*"Je, wanamuziki hupata chochote?"* Hawapati. Sheria za nchi nyingi zaruhusu nakala halali kuuzwa tena, na mtungaji alikwisha lipwa kwa mauzo ya kwanza. Anayetaka kuwafaa wapigaji anunue albamu zao mpya au tikiti za maonesho yao. Mimi naona yafaa kufanya vyote viwili.

*"Nimeisikiliza mara moja, haikunipendeza. Niiuze?"* Ngoja. Mtu mwenye kuijua bendi huingia na matarajio ya albamu aipendayo, na akikosa alichokitarajia hukasirika. Isikilize tena kwa siku mbalimbali, ukianza na wimbo mrefu kuliko zote, kabla ya kuihukumu. Bei uliyolipa haikuharakishi.

Santuri na kanda

Nitasema kwa ufupi. Albamu ya zaidi ya saa moja, ikitiwa katika santuri, hujaza sahani mbili au zaidi, basi uhesabu. Itazame kwa usawa wa jicho kama imejikunja, na usikubali mikwaruzo uisikiayo kwa ukucha. Kanda iliyolala kabatini miaka 30 izungushe mbele na nyuma mara moja kabla ya kuipiga.

Ukifika nyumbani

Ioshe sahani kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo, kisha uipanguse kwa kitambaa laini kisicho na manyoya, kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni, usizungushe. Usitumie petroli, tina, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha; huibabua plastiki. Dawa ya meno, isifiwayo na wengi, ni mchanga laini, nayo hukwaruza palipo pazima. Mashine za kung'arisha zilizoko katika baadhi ya maduka hufaa kwa mikwaruzo ya chini, lakini kila mara huondoa sehemu ya plastiki, kwa hiyo isipelekwe ila sahani ambayo imekwisha shindwa kupigwa.

Makasha yasimamishwe wima, mbali na dirisha lenye jua. Na msomaji aliyeko Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina chumvi na unyevu, asiyaache wazi hata usiku mmoja.

Kisha isikilize albamu yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika siku zile ambazo duka laruhusu kurudisha, na risiti uiweke ndani ya kijitabu. Ukisikia kasoro, iandike dakika yake kwenye karatasi, uirudishe sahani pamoja na karatasi hiyo, umwoneshe muuzaji pahali penyewe. Na asipokuwa radhi kukurudishia fedha, omba akubadilishie kwa nyingine, nawe uianze kazi ya kuichunguza upya, ukianzia upande wenye maandishi.